Goma: Kiwewe cha vita kinatibika, hata kabla vita havijaisha

Wakaaji wengi wa mji wa Goma waliopita katika mapigano, mabomu, ubakaji na kuhama makwao wanaendelea kusumbuliwa na ndoto mbaya, kushituka ovyo na kukosa usingizi, miezi na hata miaka baada ya tukio. Waganga wa magonjwa ya akili wanauita ugonjwa huo msongo unaofuata kiwewe. Kwa Kifaransa hujulikana kwa herufi TSPT, na mitaani watu husema tu kwamba fulani ana traumatizimu.

Ugonjwa huu una dalili zinazojulikana na una tiba ambayo imejaribiwa hapa hapa mashariki mwa Congo. Lakini wagonjwa wengi hawafiki hospitalini. Wengine wanafikiri ni wazimu, wengine wanafikiri wamerogwa, na wengine wengi wanajiambia kwamba haifai kitu kujitibisha wakati vita bado vinaendelea. Wazo hilo la mwisho ndilo linalowachelewesha watu wengi, na tafiti zilizofanywa katika eneo letu zinaonyesha kwamba si kweli.

Mji uliopigwa mara nyingi

Mtu wa Goma mwenye umri wa miaka 40 amekwisha kuona mambo ambayo watu wa miji mingine husoma tu katika vitabu. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika muda wa siku chache, kisha kipindupindu kikaua makumi ya maelfu yao katika kambi za Kibumba, Katale, Mugunga na kandokando ya barabara. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Tarehe 17 Januari 2002, volkano Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji. Tarehe 20 Novemba 2012, waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ililipuka tena usiku, na siku tano baadaye, matetemeko yakiwa hayajakoma, serikali ya jimbo ikaamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Watu walitembea kwa miguu kuelekea Sake, Rutshuru na ngʼambo ya mpaka, wengine wakapanda mitumbwi na meli kuelekea Bukavu.

Kuanzia 2022, vita vya M23 vilijaza wahami katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yalianguka katika kambi za wahami upande wa Mugunga na Lac Vert na kuua watu, wakiwemo watoto. Mwisho wa Januari 2025, M23 iliingia tena mjini baada ya siku kadhaa za mapigano makali. Umoja wa Mataifa ulitangaza mapema Februari kwamba karibu watu 2,900 walikuwa wameuawa. Katika siku zilizofuata, wahami waliambiwa waondoke kambini, wengi wao wakarudi katika vijiji ambako nyumba zao zilikuwa zimebomolewa au mashamba yao yameota majani.

Mwaka 2010, watafiti walitembelea nyumba kwa nyumba katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, wakazungumza na watu wazima 998. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Nusu ya watu wale, yaani 50.1%, walikuwa na dalili za msongo unaofuata kiwewe, na 40.9% walikuwa na dalili za huzuni kubwa. Hizo ni hesabu za kabla ya 2012, kabla ya 2021 na kabla ya 2025.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Si kila mtu aliyeona jambo la kutisha anaugua. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba watu wapatao 70% duniani hupatwa na tukio la kutisha angalau mara moja maishani, lakini ni wachache tu kati yao ambao baadaye hupata ugonjwa huu. Hatari inapanda sana kwa watu waliobakwa, walioteswa, au waliopita katika vita. Inapanda pia kadiri matukio yanavyozidi kuwa mengi, moja juu ya lingine, kama ilivyo kwetu.

Siku za kwanza baada ya bomu au shambulio, kutetemeka, kulia, kukosa usingizi na kushindwa kula ni mambo ya kawaida. Mwili unafanya kazi yake. Kwa watu wengi dalili hizo hupungua zenyewe baada ya majuma machache, hasa wakipata usalama, chakula na watu wa karibu. Waganga huanza kuzungumzia ugonjwa pale dalili zinapozidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi zake, kuishi na jamaa yake au kusoma.

Dalili zenyewe zinaingia katika mafungu makubwa matatu.

Fungu la kwanza ni tukio kurudi. Mtu hakumbuki tu kama tunavyokumbuka harusi au mazishi. Tukio linarudi kana kwamba linatokea sasa hivi: anasikia sauti, ananusa moshi, moyo unapiga mbio, jasho linamtoka. Usiku linarudi katika ndoto na anaamka akipiga kelele.

Fungu la pili ni kukwepa. Mtu hapiti tena njia ile, hataki kusikia jina la kijiji chake, anazima redio habari za vita zinapoanza. Mwingine anaacha kwenda sokoni au kanisani, na kazi inampotea kidogo kidogo.

Fungu la tatu ni mwili kuwa macho saa zote. Pikipiki ikilipua ekzosi, mlango wa bati ukigongwa, ngurumo ya mvua ikisikika upande wa ziwa, mtu anaruka au anajitupa chini. Anakasirika upesi na hawezi kutuliza mawazo kwa kazi moja. Analala karibu na mlango akiwa amevaa nguo.

Pamoja na hayo, wengi hujisikia kama wamekufa ndani. Hawafurahii kitu, hawawapendi tena watoto wao kama zamani, na wanajilaumu kwa kuwa wao wamebaki hai.

Waganga wanaeleza kwamba katika hatari kubwa, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hufanya kazi kwa nguvu zote, wakati ile inayoandika mahali na tarehe ya mambo inafanya kazi vibaya. Ndiyo maana kumbukumbu ya tukio inahifadhiwa vipande vipande, sauti hapa, harufu pale, bila tarehe. Kipande kimoja kikiguswa, kengele inalia tena kana kwamba tukio ni la leo. Tiba inalenga kukipa kila kipande mahali na siku yake, ili ubongo ujue kwamba jambo lile limepita.

Si wazimu wala si kurogwa

Majirani zetu wa Rwanda walilipa jambo hili jina lao baada ya 1994: ihahamuka. Kwetu majina ni mengi na mara nyingi yanaumiza. Mama aliyebakwa anaambiwa kichwa chake kimeharibika. Kijana aliyetoka katika kundi lenye silaha anaitwa fou. Mtoto anayekojoa kitandani anachapwa kwa uvivu.

Familia nyingi huanza na chumba cha maombi au kwa mufumu. Imani inawasaidia watu wengi kubeba machungu, na kanisa au msikiti mara nyingi ndiyo mahali pa kwanza ambapo mtu anasikilizwa. Hatari inaanza pale mgonjwa anapofungwa kamba, anaponyimwa chakula siku nyingi kwa jina la kufunga, au familia inapoambiwa imtafute mchawi ndani ya nyumba. Hapo mtu anaongezewa kiwewe kingine juu ya kile alichonacho.

Mtu mwenye msongo huu hajapoteza akili. Anajua yeye ni nani, yuko wapi na siku ni ipi. Na kuumwa kwake hakuonyeshi udhaifu: askari, manesi na wachungaji wanaupata kama watu wengine wote.

Kila mtu anaugua kwa namna yake

Kwa watoto, ugonjwa hauonekani kama kwa wakubwa. Mtoto wa miaka sita hasemi kwamba ana kumbukumbu mbaya. Anacheza vita kila siku, mchezo ule ule. Anaanza tena kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Anamshika mama nguo na hakubali aende kisimani, au anashindwa kusoma na mwalimu anafikiri ni mjinga. Kuna wanaonyamaza kabisa, na kwa kuwa hawasumbui, hakuna anayewaangalia.

Kwa wanaume, mara nyingi ugonjwa unajificha nyuma ya pombe na hasira. Kanyanga inaleta usingizi wa saa chache, lakini inavunja usingizi wenyewe, inazidisha huzuni na inaamsha ugomvi nyumbani. Mwanaume ambaye hakuweza kulinda jamaa yake siku ya shambulio anabeba haya ambayo hawezi kuisema, na mara nyingine mke na watoto ndio wanaoilipia. Wanaume pia wanabakwa katika vita. Katika uchunguzi ule wa 2010, karibu mwanaume 1 kati ya 4 alisema amewahi kutendewa ukatili wa ngono, na kati ya wanawake, karibu 4 kati ya 10.

Kwa wanawake na wasichana, ubakaji ndio chanzo kikubwa. Mwaka 2023 peke yake, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na wizara ya afya, walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliotendewa ukatili wa ngono nchini Congo. Wengi sana walikuwa wa Kivu ya Kaskazini, katika kambi zilizozunguka Goma, na wengi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula.

Kwa aliyebakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku ya tano. Saa 72 zikiisha, bado inafaa kwenda hospitalini: kuna magonjwa mengine ya kutibiwa, vidonda vya kuangaliwa, na msaada wa kisaikolojia hauna mwisho wa muda. Mtu anaweza kuuanza baada ya miaka 10 na bado ukamfaa.

Tiba ya maneno, iliyopimwa kwetu

Tiba ya kwanza ya ugonjwa huu ni mazungumzo yenye mpango, na si vidonge. Maneno haya huwafanya wengine wacheke: kuongea kutaponya nini? Jibu linapatikana katika vijiji vyetu wenyewe.

Mwezi wa Juni 2013, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa mashariki mwa Congo pamoja na shirika la IRC. Wanawake 405 waliopitia ukatili wa ngono walishiriki. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika vijiji 7, wanawake walipata tiba ya kundi inayofundisha mtu kuyapima mawazo yanayomfunga baada ya kiwewe: vikao 12, kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kundi. Katika vijiji 8, wanawake walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja kutoka kwa wasaidizi wa kijamii.

Miezi 6 baada ya tiba kumalizika, wanawake waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi walikuwa 9% katika vijiji vya tiba ya kundi, na 42% katika vijiji vingine. Kwa msongo unaofuata kiwewe, tofauti ilikuwa ya namna hiyo hiyo.

Tiba ile haikutolewa na maprofesa. Ilitolewa na wanawake wa Congo waliosoma miaka michache ya sekondari, wakapewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu. Wengi wa wagonjwa hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo masomo yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa. Tena vijiji vile havikuwa na amani kamili.

Tiba hiyo inagusa hasa mawazo kama: ni kosa langu, ningepita njia nyingine, mimi ni uchafu sasa, hakuna mtu wa kuaminika duniani. Msaidizi hamwambii mama asiwaze hivyo. Anamuuliza: nani alikuwa na silaha? Ulikuwa na njia gani nyingine siku ile? Jirani yako akipatwa na jambo hilo hilo, utamwambia ni kosa lake? Polepole mama anaona mwenyewe kwamba wazo lile halisimami.

Kamba, maua na mawe

Njia ya pili inayotumika sana katika eneo letu ni tiba ya kusimulia maisha. Ilitengenezwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, kwa ajili ya watu wa vita na wakimbizi.

Katika kikao cha kwanza, mgonjwa anatandika kamba chini. Kamba ni maisha yake, kuanzia kuzaliwa. Pale alipopata furaha anaweka ua: ndoa, mtoto wa kwanza, diploma. Pale alipopatwa na jambo baya anaweka jiwe, kubwa au dogo kulingana na uzito wake. Sehemu ya mwisho ya kamba inabaki imekunjwa, kwa sababu maisha bado yanaendelea.

Katika vikao vinavyofuata, mgonjwa na msaidizi wanapita kamba hiyo kwa mfuatano, jiwe kwa jiwe. Wakifika kwenye jiwe, wanakwenda polepole: ilikuwa saa ngapi, uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, uliwaza nini, kisha ilikuwaje. Hofu inapanda, lakini msaidizi hamwachi mgonjwa katikati. Wanaendelea mpaka hofu ishuke na tukio lifike mwisho wake. Msaidizi anaandika, na katika kikao kinachofuata anasoma yaliyoandikwa. Mwishoni mgonjwa anapokea hadithi ya maisha yake yote, mbaya na nzuri pamoja. Kwa kawaida kazi hiyo inachukua vikao vichache, si miaka.

Njia hii ilipimwa katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, ambako leo Wacongo wengi wanaishi. Wakati ule, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa walikuwa wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali, na walitibiwa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Miezi kadhaa baadaye, karibu 7 kati ya 10 waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na ugonjwa. Kati ya wale ambao hawakupewa tiba na walifuatiliwa tu, walikuwa 37%. Hesabu hiyo ya pili inasema pia kwamba kuna wanaopona wenyewe, lakini wengi zaidi wanabaki na mzigo.

Mashariki mwa Congo, watafiti wa Konstanz waliitumia pia kwa vijana waliotoka katika makundi yenye silaha. Kwao waliongeza vijiti juu ya kamba: kila kijiti ni tendo la ukatili ambalo kijana alilitenda yeye mwenyewe. Dalili za kiwewe zilipungua. Jambo hili lina maana kwa familia zinazompokea kijana kutoka porini, kwa sababu mtu anaweza kuwa ametendewa na ametenda, na yote mawili yanahitaji kuzungumzwa mahali salama.

Na vidonge?

Kuna dawa zinazosaidia, kama vile fluoxetini na sertralini. Ni dawa za kupunguza huzuni na wasiwasi, zinaandikwa na mganga, na zinachukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Mgonjwa asiziache ghafla siku anapojisikia vizuri. Zinafaa hasa pale huzuni ni kubwa au tiba ya mazungumzo haipatikani.

Kinachotisha ni vidonge vya usingizi, hasa diazepamu, ambavyo watu hununua bila karatasi ya mganga. OMS inashauri wasipewe watu wazima waliotoka katika tukio la kutisha kama njia ya kuzuia au kupunguza dalili za kiwewe. Vinatuliza kwa saa chache, mwili unavizoea, na mtu anajikuta hawezi kulala bila hivyo. Vikichanganywa na pombe vinaweza kuua.

Kwa nini usingoje amani

Wengi wanasema: mganga atanitibu leo, kesho bomu lingine linaanguka. Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayeishi katika hatari ya kweli anahitaji kengele yake ya hatari, na hakuna tiba inayotaka kuizima. Kinachotakiwa ni kwamba ilie pale hatari ipo, na inyamaze mama anapopika maharagwe nyumbani.

Mtu mwenye kiwewe kisichotibiwa hajilindi vizuri kuliko wengine. Amechoka kwa kukosa usingizi, anashindwa kutofautisha mlio wa risasi wa mbali na mlango uliogongwa, na saa ya kukimbia anaweza kuganda. Mtu aliyetibiwa anafikiri haraka zaidi, anashika watoto wake na karatasi zake, na anajua pa kwenda.

Sababu ya pili ni watoto. Mzazi ambaye hasira na huzuni vimemshika anawalea watoto ambao wanajifunza hofu kutoka kwake. Goma imepita miaka zaidi ya 30 ikingoja amani kamili. Mtoto aliyezaliwa 1994 ni mzazi leo.

Tatizo halisi ni kwamba waganga ni wachache. Congo ina Programu ya Taifa ya Afya ya Akili, lakini waganga bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache sana kwa nchi yenye watu wanaopita milioni 100, na wengi wako Kinshasa. Tangu Januari 2025, uwanja wa ndege wa Goma na benki vilifungwa, jambo lililofanya dawa na mishahara ya wafanyakazi wa afya kuwa vigumu kufika. Kwa hiyo tafiti za Nakivale na za vijiji vyetu zina faida nyingine: zinaonyesha kwamba tiba inaweza kutolewa na wauguzi, walimu na wamama wa mtaa, ikiwa wamefundishwa na wana mtu wa kuwasimamia. Miradi mingi inafundisha kwa siku tatu kisha inaondoka. Bila usimamizi wa kila juma, msaidizi mwenyewe anachoka na kuugua, kwani naye ana mawe yake juu ya kamba.

Familia inaweza kufanya nini

Siku na majuma ya kwanza baada ya tukio, OMS inashauri mambo matatu ambayo kila mtu anaweza kuyafanya: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mtu yuko salama, ameumia, ana njaa. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Muunganishe na jamaa zake na huduma anazohitaji. Usimshurutishe asimulie tukio lote siku hiyo hiyo: kusimulia kwa kina kuna wakati wake, pamoja na mtu aliyefundishwa.

Maneno kama «sahau tu», «mshukuru Mungu, wengine wamekufa» au «wewe ni mwanaume, usilie» yanamfunga mtu mdomo. Afadhali kusema: «Niko hapa. Ukitaka kuongea nitasikiliza. Ukitaka tukae kimya, tutakaa.»

Tukio likimrudia mtu mchana, msaidie arudi pale alipo. Mwambie jina lake, tarehe ya leo na mahali mlipo. Mwombe akanyage chini kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia. Avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa mdomo, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hii haiponyi ugonjwa, lakini inakata shambulio la hofu.

Kwa watoto, rudisheni utaratibu: saa ya kula, saa ya kulala, shule, mchezo. Mtoto anayekojoa kitandani abadilishwe nguo bila kuchapwa wala kuchekwa. Maswali yake kuhusu vita yajibiwe kwa ukweli mfupi unaolingana na umri wake.

Mpelekeni mtu hospitalini haraka akisema anataka kufa au kujiua, akiacha kula, akiwa hatari kwa watoto, au dalili zikizidi mwezi mmoja. Asiachwe peke yake anapozungumzia kifo, na dawa na visu viwekwe mbali.

Pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu, ambako muuguzi anaweza kumtuma mgonjwa mbele. Mjini Goma kuna kituo cha afya ya akili Tulizo Letu, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, shirika ambalo pia lina kituo cha SOSAME mjini Bukavu. Hospitali ya HEAL Africa imepokea kwa miaka mingi wanawake waliotendewa ukatili wa ngono. Kwa wale wa upande wa Bukavu, hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 2018, inatoa pamoja matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa sheria na wa kujitegemea kimaisha. Hali ya usalama ikibadilika, huduma nazo zinabadilika, kwa hiyo ni vizuri kuulizia kwanza katika kituo cha afya au kwa wasaidizi wa kijamii wa mtaa.

Mgonjwa anayekwenda mara ya kwanza halazimiki kusimulia kila kitu. Inatosha aseme: silali, ninashituka, ninaota vita, tangu tarehe fulani. Mganga ataendelea kuuliza kutoka hapo.